Lori Lisilozimwa

Palikuwa na mtu mmoja katika milima ya Rungwe aliyekuwa na lori ambalo hakuthubutu kulizima. Jina lake Anyosisye. Lori lenyewe lilikuwa dogo, la tani tatu, la petroli, na ndilo lililokuwa kazi yake na mkate wa watoto wake. Kila alfajiri alizunguka vitongojini akikusanya maziwa ya wafugaji, keni baada ya keni, akayawahisha kwenye kituo cha kupozea kabla jua halijapata nguvu. Siku mbili kwa wiki, akishamaliza kushusha maziwa, alipakia ndizi na kuteremka nazo hadi bondeni, upande wa Kyela.

Ugonjwa wa lori ulianza kidogo kidogo. Asubuhi moja aligeuza ufunguo, injini ikaguna mara mbili ndipo ikawaka. Wiki iliyofuata ikaguna mara nne. Kisha taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri ikawaka mbele ya usukani na haikuzimika tena. Anyosisye akanunua betri mpya. Siku kumi mambo yakawa mazuri, halafu hali ikarudi ile ile. Akamlaumu muuza betri, akanunua nyingine kwa mtu mwingine, nayo ikafa. Fundi mmoja wa kando ya barabara akambadilishia alteneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuipa betri chaji. Ikasaidia mwezi mmoja. Baada ya hapo ugonjwa wa pili ukaja kukaa pamoja na wa kwanza. Lori likisimama, mguu ukiwa nje ya mafuta, injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Muungurumo ulipanda, ukashuka, ukapanda, kisha ukakata. Fundi mwingine akapandisha silensa, yaani akaifanya injini iungurume kwa nguvu zaidi lori likiwa limesimama. Likawa linatetemeka vilevile, ila kwa kelele kubwa.

Hapo Anyosisye akaacha kutafuta dawa, akaanza kutafuta namna ya kuishi na ugonjwa. Aligundua kwamba lori likiegeshwa kwenye mteremko halihitaji betri kuwaka. Unaliachia lijiendee, unatia gia ya pili, unaachia klachi, linashtuka na kuwaka. Basi akawa anaegesha kwenye miteremko tu. Akaijua miteremko yote ya wilaya kama mtu anavyowajua ndugu zake. Aliacha duka alilolizoea kwa miaka kwa sababu lilikuwa penye usawa, akahamia duka lililo kilimani ambalo bidhaa zake zilikuwa za zamani. Aliacha hata kanisa alilobatiziwa, akawa anasali katika kanisa lingine la juu, ambako hakumjua mtu. Rafiki yake wa utotoni alikuwa amejenga mahali pa tambarare. Urafiki ule ulikufa bila ugomvi wowote.

Pasipokuwa na mteremko hakuzima. Alikaa ndani, mguu wa kulia juu ya mafuta, akafanya shughuli zake kupitia dirishani. Watu walipomwona hivyo wakamsifu. Walisema Anyosisye ni mchapakazi kweli, hata kuzima gari hana muda. Hakuwasahihisha. Na sifa hizo ziliporudiwa sana, yeye mwenyewe akaanza kuamini kwamba ile ilikuwa bidii.

Mama yake aliitwa Tusajigwe. Alikuwa mjane, akiishi peke yake kule bondeni, kwenye ardhi ya mpunga, mahali palipotandazika kama mkeka. Mara mbili kwa wiki Anyosisye alipita kwake na shehena ya ndizi. Alisimamisha lori ukingoni mwa uwanja na kupiga honi. Mama alitoka na bakuli la uji wa mchele, akavuka uwanja taratibu, akaliinua hadi dirishani. Mwanawe alikunywa kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani, mguu ukiendelea kukanyaga. Mama alizungumza. Injini nayo ilizungumza. Anyosisye aliitikia kwa kichwa na kusema, "Sawa, mama." Kisha akarudisha bakuli na kuondoka. Aliondoka akiwa na furaha, kwa kuwa alikuwa amemwona mama yake, na wengi wa rika lake walikuwa hawawaoni mama zao hata mara moja kwa mwezi.

Mwezi wa pili wa mwaka ule, mama alisimama chini ya dirisha akasema, "Mwanangu, macho yangu yanaingia giza. Nesi wa zahanati amesema nisikawie, nipelekwe kwa daktari wa macho." Alipokuwa akisema alipitisha kiganja usoni. Anyosisye alisikia neno "mwanangu" peke yake. Mengine yalimezwa na muungurumo. Alipoona mkono ukipita usoni alidhani anaomba sabuni. Akasema, "Sawa, mama, nitaleta." Safari iliyofuata akaleta sabuni. Mama aliipokea, akaigeuza mkononi, akasema, "Ndaga, mwanangu," maana yake asante, kisha akarudia maneno yake. Anyosisye akaleta sabuni kubwa zaidi.

Mara moja mama alijaribu kupaza sauti, lakini akaona haya. Mtu mzima hamfokei mwanawe barabarani mbele ya majirani. Akajiambia kwamba mwanawe amesikia, na atakapopata nafasi atampeleka. Akasubiri. Mwezi wa tatu ukapita, na wa nne.

Mwezi wa tano mvua zilikuwa zimekaza. Asubuhi moja Anyosisye alikuwa njiani na keni zote zimejaa, akipita penye usawa karibu na daraja. Ng'ombe wakakatiza barabara. Alikanyaga breki kwa ghafla, mguu ukachelewa kurudi kwenye mafuta, injini ikatetemeka mara moja na kunyamaza. Akageuza ufunguo. Kikasikika kitu kama ukucha unaogonga bati, basi. Wanaume sita wakasukuma kwenye tope hadi miguu yao ikazama, lori halikuwaka. Trekta la shamba la chai lilikuja kulivuta hadi likawaka, baada ya kungoja kwa muda wa saa tano, jua likiwa limetoka katikati ya mawingu na kuchemsha kila kitu. Maziwa ya kaya arobaini yalikuwa yameganda.

Alilazimika kurudi nayo vitongojini, kwa kuwa keni zilikuwa za wenyewe. Aliwatazama wanawake walioamka gizani kukamua wakiyamwaga maziwa yao mtaroni, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana. Mama mmoja mzee alisuuza keni yake kwa maji ya mvua, akaifunika, akamuuliza, "Kesho tulete tena, au tusilete?"

Anyosisye alimtazama kupitia dirishani. Mguu wake ulikuwa juu ya mafuta.

Hakwenda nyumbani. Aliliendesha lori moja kwa moja hadi nje kidogo ya mji wa Tukuyu, kwa fundi aliyekuwa akimsikia siku nyingi na kumkwepa siku nyingi. Alimkwepa kwa sababu moja tu: uwanja wa karakana yake ulikuwa tambarare. Fundi huyo alikuwa mwanamke, jina lake Subilaga, mtu wa makamo aliyejifunzia kazi kwenye karakana ya shamba la chai, na maneno yake yalikuwa machache. Alilisikia lori likiingia. Akaja akiwa anafuta mikono, akasimama mbele ya dirisha.

"Zima," alisema.

Anyosisye akaanza kueleza. Alieleza habari za betri ya kwanza na ya pili, habari za alteneta, za silensa, za miteremko, za ng'ombe na maziwa. Alieleza huku akikanyaga mafuta, akipaza sauti ili asikike. Subilaga alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, baba. Sasa zima."

"Mama, nikizima haliwaki."

"Hicho ndicho ninachotaka kukiona."

"Lakini hapa ni tambarare. Nitatokaje?"

"Siwezi kutia mkono kwenye injini inayozunguka," alisema Subilaga. Kisha akageuka, akarudi kwenye benchi lake, akaketi kusafisha plagi za pikipiki ya mtu mwingine. Hakukasirika. Alikuwa amesema alichokuwa nacho.

Anyosisye alibaki ndani ya lori. Alingoja aitwe, hakuitwa. Mshale wa mafuta ulikuwa ukishuka. Alifikiri kuondoka, kwa sababu geti lilikuwa wazi na nje kulikuwa na barabara ya kwenda milimani, ambako angepata mteremko na kulala salama. Angeamka kesho na kuliachia lijiendee. Lakini angeliachia kwenda wapi? Lile swali la mama mzee lilikuwa limekaa naye pale kwenye kiti cha abiria. Alitazama mguu wake. Kiatu cha kulia kilikuwa kimetoboka soli mahali pa kukanyagia, cha kushoto bado kizima. Alikaa hivyo karibu saa nzima. Kisha akashika ufunguo, akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano, akazima.

Kimya kilichofuata kilimtisha. Alisikia maji yakidondoka kwenye paa la karakana. Alisikia kuku. Alisikia watu wawili wakibishana kwa utani ng'ambo ya barabara, kila neno. Mguu wake uliendelea kutetemeka wenyewe ingawa hapakuwa na kitu cha kuutetemesha, naye akaushika kwa mikono miwili mpaka ukatulia.

Subilaga akaja na vifaa vyake. Alipima betri, akaiacha. Alibonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukawa umekaza vizuri. Alipima alteneta, nayo ilikuwa nzima. Alitandika gunia, akalala chini ya lori, akaanza kufuata nyaya kwa vidole, waya mmoja mmoja, kama mtu anayesoma gizani. Mwishoni akafika kwenye waya mfupi mnene unaotoka ubavuni mwa injini na kufungwa kwenye chasisi. Ulikuwa umefunikwa na tope na grisi ya miaka. Aliukwangua kidogo, akauvuta. Ukakatika mkononi mwake kama kamba ya mgomba iliyokauka.

Alitoka chini ya lori na kumwonyesha. Ndani ya ganda jeusi shaba yote ilikuwa imeliwa na kutu, imekuwa unga wa kijani.

"Ni huu," alisema.

"Huu tu?"

"Huu tu. Umeme ukitoka lazima urudi. Betri yako ilikuwa inatoa, alteneta inatoa, plagi zinapokea. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake. Njia ya kurudi ndiyo iliyokuwa imekufa, basi nguvu ikawa inahangaika ndani ya injini bila kufika nyumbani. Ndiyo maana ilikuwa inatetemeka."

Anyosisye aliushika ule waya. Haukuzidi urefu wa mkono wake. "Mwaka mzima," alisema, "mafundi wote wale hawakuuona?"

"Uliwazimia?"

Anyosisye akaugeuza waya mkononi. Hakuwahi kumzimia hata mmoja wao zaidi ya dakika za kufungua na kufunga. Siku zote alikuwa amesimama begani mwao, akiwaharakisha, akiwaambia maziwa yanaharibika.

Subilaga alikwangua chuma cha chasisi hadi kikang'aa, akafunga waya mpya, akakaza nati, akaishusha silensa mpaka mahali pake pa zamani. Kisha akamwambia awashe. Injini iliwaka kwa mguso mmoja. Anyosisye kwa mazoea akapeleka mguu kwenye mafuta. Subilaga akatikisa kichwa. Aliutoa mguu, akausimamisha sakafuni, akangoja ikate. Haikukata. Iliunguruma polepole, sawasawa, na ile taa nyekundu ikawa imezimika.

"Zima tena," alisema Subilaga. Akasita, akazima. "Washa." Ikawaka. Alimfanyisha hivyo mara nyingi kuliko lori lilivyohitaji.

Asubuhi iliyofuata Anyosisye alipita vitongojini. Karibu nusu ya wafugaji walikuwa wamesimama barabarani na keni zao. Nusu nyingine hawakutokea, na hakuwalaumu. Alizipokea zilizokuwepo, na kila alipofika alizima, akashuka, akasalimia kwa mikono miwili. Yule mama mzee alikuwa miongoni mwa waliotokea. Alimtazama akishuka, akasema kwamba siku zote hizo alikuwa anadhani ni mtu mrefu.

Alipomaliza kushusha maziwa alipakia ndizi na kuteremka bondeni. Alikuwa na furaha ya mtoto. Njia nzima alipanga jinsi ambavyo angelizima lori katikati ya uwanja wa mama yake, mahali hasa palipo sawa, na kuingia ndani, na kukaa kwenye kiti, na kula chakula kwa mikono yote.

Alifika, akapiga honi. Mama akatoka na bakuli, kama siku zote. Akaanza kuvuka uwanja kuelekea kwenye lori, taratibu, amenyooka. Anyosisye akatabasamu na kuzima.

Mama akasimama.

Alisimama katikati ya uwanja, mguu mmoja ukiwa bado hewani kidogo. Aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. Akanyoosha mkono mmoja mbele yake, na lile bakuli kwenye mkono mwingine likaanza kuinama, uji ukamwagika kwenye kanga yake. "Mwanangu?" aliita. "Umekwenda?"

Alikuwa hatua kumi kutoka kwake, naye hakumwona. Miezi ile yote alikuwa akivuka uwanja ule kwa kuufuata muungurumo.

Anyosisye aliruka chini. Hakukumbuka kufunga mlango. Alimshika mama yake mabega, na mama akaweka chini bakuli na uji uliobaki, akapapasa uso wake, paji, pua, kidevu, kama anayekihesabu kila kitu alichokikosa. "Umekonda," alisema.

"Mama, macho yako yana nini?"

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia lini?"

"Kila ulipokuja."

Walikaa ndani. Juu ya kabati sabuni zilikuwa zimepangwa, nyingi, hazijafunguliwa, na Anyosisye alizitazama bila kuuliza. Mama alimsimulia kila kitu upya, neno kwa neno, bila kumlaumu, na safari hii lilimfikia kila neno. Ndizi zilibaki kwenye lori hadi zikaanza kuiva.

Kesho yake akampeleka Mbeya, kwa daktari wa macho. Daktari alimpima muda mrefu. Akasema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula taratibu na hauumi, na kilicholiwa hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa na nuru kidogo, kama ufa wa mlango, na kwa dawa ya matone kila siku, asubuhi na jioni, bila kukosa, nuru hiyo ingeweza kubaki. Akafungua jalada ili aandike. Akauliza hali hii ilianza lini.

Mama akawahi kujibu. "Juzi juzi tu, daktari. Hata mwanangu hapa alishtuka."

Daktari alimtazama mama, kisha akamtazama mwana. Alijua kwamba ugonjwa ule hauanzi juzi. Lakini aliinamisha kalamu aandike alichoambiwa.

"Hapana," alisema Anyosisye. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila chumba kilikuwa kimya. "Aliniambia mwezi wa pili. Nilikuwepo. Sikusikia."

Mama alitafuta mkono wa mwanawe juu ya meza, akaupata, akaushikilia mpaka daktari alipomaliza kuandika.

Watu wakisimuliwa habari hii huuliza kama lile jicho la kushoto lilirudi. Halikurudi. La kulia bado linaona kidogo, na anayemtia matone ya jioni ni Anyosisye, ambaye siku hizi anaishi naye, na kwa kazi hiyo hubaki ameketi kitandani kwa mama yake mpaka dawa ikolee. Lakini mimi nawauliza ninyi mnaosema kila siku kwamba hamna nafasi: ni nafasi mnayoikosa, au mnaogopa kitakachoonekana mkisimama?